Wanaume wawili wenye suti nyeusi walimuulizia rafiki yangu hapa Durban, nikasema simjui

Wakuu, salaam kwenu wote.

Mimi humu ni msomaji tu, kuandika sijazoea. Anayetafuta chai, hadithi za kutunga, apite. Haya yametokea mlangoni kwangu na bado yananitafuna.

Niko Durban mwaka wa nane sasa, nauza vifaa vya simu. Nimepanga room mtaa wa Point pamoja na Mkongo mmoja, nimwite Faustin. Kazi yake car guard, wale wanaovaa reflekta na kukulindia gari ukienda kuogelea baharini. Mtu mzima, mlokole, uongo haujui.

Asubuhi moja alirudi mapema kutoka kazini, simu mkononi.

"Ndugu, niliona kitu juu ya maji. Haikukuwa avion, ndege ya kawaida. Ilisimama tu, haina makelele, kiisha ikapanda juu mara moja."

Alikuwa na video. Niliiona: taa nyeupe juu ya bahari, inatulia, inapotea. Ilikuwa nini, sijui mpaka leo, na sitajifanya mtaalamu.

Kosa langu linaanzia hapa.

Badala ya kumtuliza, nikamnogeshea. Nikamsimulia nyuzi nilizosoma humu humu, kwamba ukishaona vitu vya namna ile unafuatwa na wanaume wawili wenye suti nyeusi. Wanajua jina lako, wanaijua familia yako, na shida yao hawamwambii mtu mwingine. Wakishaondoka, huthubutu tena kusimulia.

Mimi nilikuwa nacheka. Faustin hakucheka. Alifuta video, akazima simu, akatoa laini, na kazini hakwenda tena.

Jumanne saa kumi jioni, hodi. Nafungua, wanaume wawili. Suti nyeusi, viatu vinang'aa.

"Tunatafuta Faustin."

Wakuu, nikaushikilia mlango nusu wazi. Nikauliza wana shida gani naye. Mkubwa wao akajibu kwa upole, "Hii maneno iko yake mwenyewe."

Sasa, anayeishi ugenini anajua sheria ya majengo yetu. Mgeni akimuulizia mtu, jibu ni moja: hatumjui. Makaratasi ya wengi yana utata, kwa hiyo hata mwenye karatasi safi tunamficha. Nikasema simjui.

Faustin alikuwa nyuma ya pazia. Walipoondoka akanishika mkono.

"Umenificha muzuri, ndugu yangu. Mungu akulipe."

Ijumaa wakarudi. Faustin alikuwa bafuni. Safari hii yule mkubwa alinitazama sana.

"Kama unamujua, umwambie kaka yake wa Maritzburg anamwita."

Nikakumbuka: wanaijua familia yako. Nikaona huu ni mtego, na nikimwambia Faustin atatoka mbio kwenda huko. Nikafunga mlango, na sikumwambia.

Jumapili Faustin akaazima simu yangu amsalimie kaka yake, ndugu wa pekee aliyekuwa naye nchi hii. Akapokea shemeji yake, mke wa kaka, analia.

Kaka alifariki Jumamosi alfajiri. Aliugua ghafla, akawa anamtaja Faustin wiki nzima. Simu ya Faustin haipatikani, basi kanisa la kaka likatuma mashemasi wawili. Kwao habari nzito haiachwi kwa mtu baki. Inapelekwa kwa mwenyewe, uso kwa uso, na unavaa kwa heshima. Zile suti ni za kanisani, wakuu.

Kuzika, Faustin aliwahi. Kuagana na kaka yake, hakuwahi.

Mimi pia nilikwenda. Yule shemasi alinipa mkono makaburini, akanitambua, wala hakunitaja kwa Faustin.

Faustin hajanilaumu hata mara moja. Anajilaumu yeye kwa kuzima simu. Lakini anajua ya Jumanne tu. Ya Ijumaa hayajui. Ijumaa ile kaka yake alikuwa bado anaongea, na kutoka hapa hadi Maritzburg ni saa moja na kitu kwa taxi.

Nilichojifunza: mtu mwenye hofu usimnogeshee hadithi. Na kabla hujamkana rafiki yako mlangoni, kamuulize kwanza yeye mwenyewe. Majuto ni mjukuu, na wangu ninalala naye chumba kimoja.

Hakuna aliyekuja kunifunga mdomo. Nimejifunga mwenyewe.

Naandika hapa yeye yuko jikoni anapika sombe, kisamvu cha kwao. Ameniita mara mbili, "Ndugu, kuja tukule."

Mnaotaka kunitukana, ruksa. Ila aliyewahi kubeba kitu kama hiki anijibu kwanza: nimwambie?