Maua ya Hopi na Usingizi wa Muadhini

Jumapili ile jua lilikuwa limekaa juu ya mabati ya Ng'ambo kama limesahau njia ya kushukia. Kidawa alikuwa uani anakuna nazi, na harufu ya samaki wa kupaka ilikuwa ikitoka nyumba hii na ile, baba yake alipoanza kuadhini adhuhuri. Mzee Usi alikuwa muadhini wa msikiti mdogo wa Miembeni tangu Kidawa hajazaliwa. Sauti yake ilianza nzito, kisha ikawa inapanda taratibu, nyepesi, mpaka mtu akadhani inatoka kwenye mawingu yenyewe. Mtaa mzima ulikuwa ukiisikia bila ya kuisikiliza, kama watu wanavyoyasikia mapigo ya moyo wao.

Kabla haijafika mwisho, ikaongeza maneno. "Asswalatu khairun mina nnaum."

Sala ni bora kuliko usingizi. Maneno haya huadhiniwa alfajiri tu, kuwaamsha waliolala. Mkono wa Kidawa ukasimama juu ya mbuzi ya nazi. Nje, kwenye baraza ya Miraji muuza kahawa, Miraji mwenyewe akauliza kwa sauti ya kusikika hadi uani:

"Jamani, hebu nambieni. Mie nshakula chakula cha mchana, au nlikuwa naota?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka.

Mzee Usi aliporudi alikaa kwenye kigoda, kanzu imemlowa jasho, macho mekundu kama ya mtu aliyetoka kwenye moshi.

"Nimesema nini, Kidawa?"

"Umesema ya alfajiri, baba."

"Nlidhani kunakucha," akasema. Akaitazama mikono yake. "Niliona kabisa weupe ule wa alfajiri."

Usingizi ulikuwa umeihama nyumba ile tangu alipofariki Bi Mwanapili, mama yake Kidawa. Mzee Usi alikuwa akijilaza kama watu wote, akifumba macho kama watu wote, na huko ndani alikobaki peke yake hakukuja kitu. Mchana alitembea katikati ya ndoto macho yakiwa wazi. Alimwitikia mtu asiyemwita. "Naam," angesema, akageuka, na nyuma yake ni ukuta.

Baada ya sala ya alasiri Maalim Mkadam, imamu wa msikiti ule, alikuja akakaa naye barazani. Alianza mbali, akasifu kahawa, akauliza hali ya magoti, ndipo akasema lililomleta.

"Usi ndugu yangu, Ramadhani i mlangoni. Watu watafunga na watafungua kwa koo lako. Ukiona magharibi ambayo haijaingia, mtaa mzima utakula mchana."

"Najua, Maalim."

"Mwezi ukiandama nawe bado hujalala, ntamwomba mwengine akupokee. Sikuvui. Nakupokea mzigo tu."

"Mzigo ukiwa mtu anaupenda," Mzee Usi akasema polepole, "kumpokea ni kumnyang'anya."

Kidawa aliyasikia yote akiwa nyuma ya mlango. Alijua kwamba baba yake hakuwa na kitu kingine. Mke ameondoka, kazi ya ushonaji imeondoka na nguvu ya macho. Ikiondoka na adhana, atakuwa mtu wa kuitikia kuta.

*

Asubuhi yake alivuka barabara ya Darajani kwenda kazini, akapita vichochoro vya Mji Mkongwe ambavyo vilikuwa bado na ubaridi, mpaka kwenye maabara ndogo karibu na bandari. Miaka michache nyuma binti wa Ng'ambo angeingia jengo lile akiwa na ufagio. Sasa Kidawa aliingia na ufunguo. Mapinduzi yalifungua madarasa, na yeye alikuwa miongoni mwa wasichana walioingia humo mbio, kama watu waliosikia kwamba mlango unaweza kufungwa tena. Alisoma kemia kwa taa ya chemli. Alipopata kazi ya kupima vitu vinavyoshuka melini, mafuta, unga, dawa, vinywaji, alijiona amepewa kitu kikubwa kuliko mshahara. Nchi iliyojikomboa haiwezi kuendelea kula na kunywa kwa kuamini karatasi zilizobandikwa na wengine. Lazima iwe na mtu wa kukiuliza kila kitu: wewe ni nani, na ndani yako muna nini? Kidawa ndiye aliyekuwa akiuliza.

Miongoni mwa vilivyoshuka melini vilikuwamo na vikasha vya bia kwa ajili ya mahoteli. Siku alipoambiwa aipime bia hiyo alikwenda kwanza kwa baba yake kuomba ruhusa. Mzee Usi alifikiri tangu alasiri hadi magharibi, kisha akasema: "Anayepima si anayekunywa. Lakini nawa mikono."

Basi Kidawa aliijua bia bila ya kuijua. Aliijua kwa vile inavyoufanya mwanga. Uchungu wa bia unatokana na ua la mmea wa kutambaa uitwao hopi, unaoota nchi za baridi. Kidawa alikuwa akitia bia tindikali kidogo, akaitikisa pamoja na mafuta mepesi yanayonuka kama petroli, na ule uchungu wa hopi ungetoka kwenye bia ukahamia kwenye mafuta. Hapo angeyatia mafuta kwenye kichupa cha kioo safi, akakiweka ndani ya mashine, na mashine ingepitisha mwanga ambao macho ya binadamu hayauoni. Hopi iliumeza mwanga huo. Ikiwa nyingi, mwanga mwingi ulipotea. Ikiwa kidogo, mwanga ulipita karibu wote, na mshale wa mashine ulionesha ni kiasi gani kilichomezwa. Kidawa alipenda kitambo kile kabla mshale haujatulia. Kilikuwa kama kusimama ukingoni mwa ndoto ya mtu mwengine.

Aliyemfundisha mashine ile alikuwa Bi Renate, mkemia kutoka Ujerumani ya Mashariki, mwanamke mrefu mwenye Kiswahili cha kujifunza, kila neno limepigwa pasi. Mumewe alikuwa mmoja wa mafundi wanaojenga fleti za Kikwajuni. Kidawa alimweleza habari za baba yake, na kesho yake Bi Renate akaja na chupa ndogo ya rangi ya kahawia.

"Kwetu wazee wasiolala wanakunywa hii," akasema. "Matone machache kwenye maji. Ni hopi."

"Hopi ya bia?"

"Ua ni lile lile. Kabla halijawa uchungu wa bia, lilikuwa dawa ya usingizi. Bibi yangu alikuwa akiwachumia majirani."

Kidawa aliichukua chupa nyumbani ndani ya mkoba. Angeweza kusema ni dawa tu. Akaona haya.

"Imetoka kwenye ua la bia, baba. Lakini si bia."

Mzee Usi aliipokea, akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. "Imeandikwa nini hapa?"

"Kijerumani. Sikijui."

"Mimi nimekisoma Kiarabu nusu na Kiswahili kizima, na hiki kinanishinda." Akamrudishia. "Kazi yako si kupima? Basi kapime. Ukinambia safi, ntakunywa siku hiyo hiyo, na Miraji aseme atakalo. Ukinambia si safi, mrudishie mwenyewe na umshukuru. Mimi sina macho mengine, mwanangu. Macho yangu ni wewe."

*

Asubuhi yake maabara ilikuwa kimya. Mwanga wa dirishani ulilala mezani kama kitambaa. Kidawa alipima hopi kwanza, na mshale ukakimbia mpaka akashangaa. Bia ya jana haikuufikisha hata robo ya hapo. Harufu ya ua ilipanda kutoka kwenye chupa, ya majani mabichi yaliyonyeshewa, ya ganda la chungwa, na kwa muda alimwona baba yake amelala chali, mdomo wazi kidogo, kama alivyokuwa akilala zamani mama alipokuwa hai.

Kisha akapima kileo. Alichemsha matone, akakusanya mvuke wake, akapima uzito wa maji yaliyodondoka, maana kileo ni chepesi kuliko maji. Hakuhitaji kurudia, lakini alirudia. Dawa ile ilikuwa imetolewa kwenye ua kwa spiriti, na spiriti ilikuwa humo bado, kali kuliko chupa yoyote ya bia iliyowahi kupita mikononi mwake.

Bi Renate alikuja akasoma tarakimu juu ya bega lake. Uso ukamwiva. "Sikufikiri," akasema. "Kwetu hakuna anayeuliza. Na ni matone tu, Kidawa."

"Ni hayo matone anayoyauliza baba."

"Akilala, utakuwa umefanya vibaya?"

Kidawa alivuta kiti. Alikaa na chupa mbele yake, na humo ndani mulikuwa na usingizi. Hilo ndilo lililomuumiza. Neno moja, *safi*, na baba yake angelala leo, na Ramadhani angeadhini, na hapana mtu katika dunia nzima angejua ila yeye. Lakini baba yake alimpa macho yake ayachukue kazini. Tangu zamani watu wakubwa wamewafanyia wadogo hivyo hivyo, wakawapa kitu wakawaambia meza, ni kwa faida yako. Alikuwa amesoma kwa chemli ili na yeye awe mmoja wao?

Akaifunga chupa akamrudishia mwenyewe.

Nyumbani alisema kwa maneno machache. Mzee Usi alitikisa kichwa, akamwambia, "Ahsante," kwa upole, na Kidawa aliona jinsi mabega yalivyoshuka. Alikuwa ameshaanza kuitumainia.

Siku zikapita, Shaabani ikawa inakwisha na Ramadhani inakaribia. Bi Renate alimtafutia vidonge vya hopi kutoka kwa mwenzake wa Kikwajuni, na Kidawa alivipima. Havikuwa na kileo hata chembe. Lakini na mshale haukutikisika. Joto la kisiwa lilikuwa limekula ua lote humo ndani, likabakisha chokaa.

"Nimpe chokaa, nimwambie ni usingizi?" Kidawa akasema, na safari hii alikuwa na hasira, hakujua na nani.

Bi Renate akavitia vidonge mfukoni. Siku ya pili alikuja na kifurushi. Kilikuwa mto wa kulalia, mdogo, wa kitambaa cha kitani, umetarizwa pembeni kwa uzi wa buluu.

"Mama yangu ameushona," akasema. "Umejaa maua ya kwetu. Nimeulalia tangu nifike, harufu yake inanipeleka nyumbani. Fumua upande huu. Chukua ya katikati, ambayo joto halijayafikia, upime."

"Bi Renate, huu ni wako."

"Mimi nalala," Bi Renate akasema. "Pima."

Maua yalikuwa makavu, mepesi kama mbawa za kumbikumbi, na katikati yake mulikuwa na unga wa rangi ya manjano ulionata vidoleni. Kidawa alipima kileo kwanza. Hakikuwamo. Ua ni ua tu. Kileo ni kazi ya watu. Kisha akakiweka kichupa ndani ya mashine. Mshale ukasita, ukapanda, ukaendelea kupanda.

*

Mzee Usi alishika mto kwa mikono miwili.

"Umepima?"

"Nimepima, baba. Ni safi. Hopi imo, bado ina nguvu. Lakini sikudanganyi: mashine inanambia kiasi kilichomo ndani ya ua. Kitakachotoka kwenye mto kikaingia kwako, sijui kukipima."

"Hicho niachie mimi," akasema. Akaunusa. "Mwanamke huyu ana mama mwema."

Ilikuwa baada ya adhuhuri, saa ambayo Ng'ambo yote huinama kwa usingizi. Alijilaza kwenye kitanda cha kamba, mto chini ya shavu. Kidawa alikaa mlangoni na ukili wake anasuka. Upepo uliingia ukatoka. Kuku alipita akafikiri, akarudi. Alipogeuka kumtazama, mdomo wa baba yake ulikuwa wazi kidogo.

Hakuthubutu kusogea. Vivuli vilizunguka ua, vikarefuka, na alasiri ikaanza kukaribia. Miraji akachungulia mlangoni na birika lake mkononi.

"Wakati unaingia, Bi Kidawa. Mzee yuko wapi?"

Kidawa akamwonesha. Alijua Maalim Mkadam atasikia kwamba muadhini hakutokea. Alijua vilevile kwamba akimwamsha sasa, usingizi huenda usirudi tena.

Miraji alitazama muda mrefu. Akateremsha birika chini, taratibu, bati lisigonge saruji.

"Mwache," akanong'ona. "Ntakwenda mimi."

"Wewe?"

"Nshamsikia miaka yote hii. Ntashindwa wapi?"

Akashindwa mahali pengi. Sauti yake ilikuwa ya kuuzia kahawa, ilikwaruza, ilikatika njiani, na watoto wa mtaa walicheka. Mzee Usi hakuisikia. Alikuja kuamka magharibi inakaribia, akakaa kitako, alama ya mshono wa buluu imemchapa shavuni, akauliza nani ameadhini alasiri.

"Miraji."

"Maskini watu," akasema. Akaenda kutawadha.

Usiku ule alilala tena. Kidawa naye alilala, kwa mara ya kwanza bila ya sikio moja kubaki chumba cha pili. Alikuwa ndotoni, ameshika kichupa chenye mwanga ndani yake, sauti ilipomfikia kutoka mbali, nzito kwanza, kisha inapanda. Nje kulikuwa kweupe kidogo, weupe wa kweli. Alisikia milango ikifunguka mmoja mmoja, ndoo ikigonga mdomo wa kisima, Miraji akikohoa barazani kwake. Maalim Mkadam atakuwa njiani na bakora yake, anasikiliza kila herufi.

Sauti ilifika mahali pake, ikatulia kidogo, kisha ikayasema yale maneno, polepole, kwa huruma, kama mtu anayevijua vyote viwili na amevipima mwenyewe: sala ni bora kuliko usingizi.