Siku Mama Mdogo Feza Alipolazimishwa Kuosha Kuku

Utotoni kwangu, kule Musienene, kuku akiharisha hatukutafuta dawa, tulitafuta mtu. Nasema hivyo kwa hasira, maana asubuhi ya leo nimeinama tena juu ya beseni hapa kwangu Kimemi, kuku nimembana kwapani, nalowesha manyoya yake ya nyuma ambayo mavi yameyagandisha yakawa donge. Kazi hii inanichosha. Unamwosha leo, keshokutwa amechafuka tena, na harufu inabaki mikononi hata ukipaka sabuni mara tatu. Ningevumilia hayo yote. Shida ni kwamba kila nikishika kuku namna hii namkumbuka Mama Mdogo Feza, na nikimkumbuka najichukia.

Feza alikuwa mke wa baba yangu mdogo. Kwao ni mbali, Kindu. Mumewe, ambaye ni mwalimu, alipopangiwa shule Kayna alimwacha kwetu kwanza mpaka apate nyumba. Ninaposema kwetu nina maana ya kwa Koko, bibi yangu mzaa baba, aliyeshika funguo za ghala na za kila kitu kingine. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Feza hakujua Kinande, lugha yetu. Wanawake walipokaa kumenya viazi wakipiga soga, yeye alicheka wenzake walipocheka, ila alichelewa kidogo, na kuchelewa huko kulitosha kumfanya mgeni hata baada ya miezi minne.

Koko alikuwa na kuku sita, na aliwapenda kuliko alivyokubali kusema. Basi kuku hao wakaanza kuharisha. Mavi yao yakawa majimaji ya njano, manyoya ya chini ya mkia yakashikana, nzi wakawaandama uani kutwa, na mayai yakatoka yamepakaa uchafu. Kwetu iliaminika kwamba kuku wa nyumba wakichafuka nyuma wote kwa pamoja, basi kuna jicho. Kuna mtu anayekula katika jiko hilohilo ambaye amewatazama kwa wivu, na kilichoanza kwa kuku kitahamia kwa watoto. Dawa yake ilijulikana. Anayeshukiwa anawaosha kuku wote mbele ya wanawake wa jirani, kwa maji yaliyochemshwa na majani machungu, kisha watu wanangoja siku tatu. Kuku wakikauka, ametoa alichokiweka. Wasipokauka, amekataa kukitoa. Imenichukua miaka zaidi ya ishirini kujiuliza kuku wa mtu asiye na kosa walitakiwa wafanye nini.

Na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Msimu ule Koko alipika kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, mara tatu kwa ajili ya harusi za ukoo. Baada ya kukamua, makapi yalipaswa kubebwa hadi chini kwenye migomba, ng'ambo ya kijito, na hiyo ilikuwa kazi yangu. Njia ya kurudi ni mlima. Siku ya kwanza nilibeba ndoo mpaka chini. Siku ya pili nikaona uvivu, nikayamwaga nyuma ya banda la kuku. Kuku walikuja mbio, wakayashambulia, wengine wakanywa mpaka yale maji machachu. Nilifurahi kuwaona wananikimbilia, nikaendelea hivyo wiki mbili. Tumbo lao lilipochafuka, nilijua. Sitajitetea kwa umri. Nilijua, nikanyamaza, nikaendelea kumwaga palepale kwa sababu kubadilisha njia kungenifanya niulizwe kwa nini.

Ni Feza peke yake aliyeuliza swali la maana. Tulikuwa jikoni, viazi vikiwa motoni.

"Koko, hizi kuku zinakulaka nini?" alisema. "Kwetu, kuku ikiharisha, tunaangaliaka kwanza chakula."

Koko hakumtazama. "Kwenu njo kwenu," alijibu, yaani ya kwenu yabaki kwenu.

Maneno yakaishia hapo. Mimi nilikuwa mita moja kutoka kwao, nachambua maharagwe, na niliinamisha uso mpaka pua ikakaribia ungo. Ningesema maneno manne tu, mambo yangekwisha kwa fimbo mbili za miguu. Mpaka leo nikifikiria wepesi wa jambo lile napandwa na hasira, na sina wa kumkasirikia ila yule mtoto.

Jumamosi wanawake watano waliitwa uani. Koko aliweka beseni katikati, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemtuma mwenzake chumvi, "Feza, utaziosha weye. Basi tuone."

Feza aliwatazama mmoja mmoja. Alikunja mikono ya blauzi, akatia kidole ndani ya beseni, akaomba aongezewe maji baridi kwa sababu yale yalikuwa moto mno. Kisha akaanza, na mimi sijaona tena mtu anayeosha kuku vizuri vile. Alimbana kuku kwapani, kichwa nyuma, akamlowesha taratibu mpaka donge likalainika lenyewe. Hakuvuta hata unyoya mmoja, maana ngozi ya pale ni nyembamba, ukivuta inachanika na kuku wenzake wataidonoa. Palipokataa kulainika alikata kwa mkasi. Aliwafuta kwa kitambaa, akawafunika kwa kanga yake mwenyewe mpaka jua likawakausha, kwa sababu baridi ya Musienene humwua kuku aliyelowa. Kuku walitulia mikononi mwake. Mmoja alisinzia.

Nilidhani wanawake wataona upole wake. Mama Kaswera, jirani yetu wa ng'ambo ya ua, ndiye aliyesema, naye alisema polepole akiwa amekunja mikono kifuani.

"Munaona ile mikono? Mwenye anajua kutoa, njo mwenye anajua kuweka."

Wengine wakatikisa vichwa. Feza alisikia, maana hayo yalisemwa kwa Kiswahili makusudi ili asikie. Alichukua kuku wa sita.

Niliogopa sana siku ile, na kwa woga wangu nikafanya jambo ambalo nililiona jema. Nilianza kubeba makapi mpaka ng'ambo ya kijito, kila tone. Nyuma ya banda nikafagia, nikamwaga majivu. Nilimsaidia Feza, hivyo ndivyo nilivyojiambia nikipanda ule mlima nahema. Siku ya tatu kuku wote sita walikuwa wakavu, mavi yao magumu, wanaparura uani kama kawaida. Nilikimbia kumpa Feza habari hiyo.

"Zimepona, Mama Mudogo. Zote."

Alikuwa anafua. Mikono yake ikasimama ndani ya maji, nami sikuelewa kwa nini hafurahi. Nilielewa jioni, nilipomsikia Koko kwenye ua akimwambia Mama Kaswera neno moja tu: "Ametoa."

Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemfukuza. Watu wanaposimulia mambo ya aina hii hupenda kuwe na mawe na kelele, lakini kwetu hakuna sauti iliyopanda. Mayai yalihamishiwa chumbani kwa Koko. Chungu kilifunikwa Feza alipopita. Mama Kaswera alimpakata mjukuu wake kila Feza alipotokea uani. Baada ya wiki mbili baba mdogo alikuja kumchukua, ingawa nyumba ya Kayna haikuwa hata na mlango.

Siku ya kuondoka aliniita nimsaidie kufunga godoro. Tulikuwa wawili.

"Masika," aliniita kwa jina langu, akivuta kamba, "ile makapi, sasa unatupaka wapi?"

Niliikaza kamba ya upande wangu. "Kule chini. Ku migomba."

"Njo vizuri. Usirudie kuyatupa hapa."

"Juu ya nini haukusema?"

Alikaa juu ya godoro. Alionekana amechoka, na alikuwa na haki ya kuchoka. "Ningesema, wangesema nabebesha mutoto jambo yangu. Wangekupiga weye bure, na miye ningebakia vilevile."

Koko alikufa bila kujua. Nilipata nafasi mia za kumwambia, na kila mara nilijiridhisha kuwa mzee asisumbuliwe. Mwaka jana nilimtembelea Feza kwake Beni. Lupango lake, yaani kiwanja cha nyumba yake, ni kubwa, lina mihogo na mipapai, na halina kuku hata mmoja. Nilimwuliza kwa nini hafugi.

"Miye napendaka kuku sana," alisema, akinimiminia chai. "Lakini kuku ni kitu ya kuharisha, Masika. Leo hapana, kesho itaharisha. Siku ile ndugu moja wa kule atakuwa anapita hapa, ataona."

Nilimwomba msamaha. Alisema alinisamehe zamani, tangu siku ya godoro, akaniuliza kama nataka sukari. Nilitia vijiko viwili, nikakoroga.

Hapa Kimemi majirani wananiletea kuku wao waliochafuka. Nawaonyesha maji ya vuguvugu, nawakataza kuvuta, nawauliza kwanza kuku amekula nini na maji yake ya kunywa yamebadilishwa lini. Wananisifu. Wanasema nina mikono mizuri, nami kila nilichonacho katika mikono hii nilikiona uani siku ile, kwa mwanamke aliyepewa jina la mchawi kwa ajili ya ustadi huohuo.

Wale wanawake watano wamebaki wawili. Mama Kaswera ni mmoja wao, na kichwa chake bado kizima. Nikienda Musienene tunasalimiana nje ya kanisa baada ya misa, ananishika mkono, anauliza habari za watoto, namjibu kuwa ni wazima. Na Feza pia, Mama Kaswera huwa anamwulizia: yule muke wa Kindu, yule wa kuku, yuko wapi siku hizi? Namwambia yuko Beni. Kisha tunaagana, na ya makapi sijamwambia.