Leso za Marehemu na Tikiti ya Rahisi

Dada mkubwa wa mke wangu aliolewa Maskati zamani, na miguu ilimzuia kuja kumzika mdogo wake. Kila akipiga simu alisema neno lile lile: "Shemeji, niletee nguo zake nizinuse." Sikuwa na mtoto wa kumtuma. Tulikuwa wawili tu katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, na sasa nilikuwa mmoja.

Nikaanza kutafuta tikiti. Wakati wa likizo bei hazishikiki, kwa hivyo nilingoja shule zifunguliwe. Kila nikirudi kutoka sala ya alfajiri niliketi kitandani na simu, leo imeshuka, kesho imepanda. Shughuli hiyo ilinifaa, maana baada ya sala sikuwa na nyingine. Mwisho nikaipata ya rahisi, ya kubadilisha ndege njiani na kushinda uwanjani mchana kutwa. Nikaenda kwa wakala mmoja karibu na Mwembe Tayari anikatie.

Yule mama aligeuza kompyuta yake nione.

"Mzee, bei hii ni yako wewe na mkoba wa mkononi. Sanduku lina bei yake."

"Nikililipia leo?"

"Leo ni nafuu. Ukingoja uwanjani, utalia."

Nikalipia sanduku moja dogo, nikadhani nimemaliza.

Nyumbani, mke wangu ndiye aliyekuwa akifunga mizigo. Mimi kazi yangu ilikuwa kulikalia sanduku ili yeye avute zipu. Safari hii nililikalia mwenyewe, nikainama kuvuta zipu mwenyewe, ikanikatalia. Nikaazima mzani wa kuning'iniza kwa jirani muuza nyama. Nilitoa viatu, nikatoa mabuibui mazito, na kila nguo niliyoitoa nilimwomba radhi kwa sauti, kama kwamba yuko chumba cha pili. Sindano ya mzani ilipotua pazuri, nikafunga.

Kumbe mzani wa muuza nyama una tabia yake. Uwanjani msichana wa kaunta alitazama nambari, akanitazama mimi.

"Imezidi, mzee. Ulipe ama upunguze."

Aliponitajia ada, nililifungua sanduku pale pale sakafuni. Watu kwenye foleni waligeuza nyuso, isipokuwa bibi mmoja nyuma yangu, aliyechuchumaa akanisaidia kushika kifuniko. Nilitoa leso, doti baada ya doti, nikabaki nazo mikononi sijui pa kuziweka. Wa kunisindikiza, wa kumwambia arudi nazo nyumbani, hakuwepo.

"Za nani, baba?" akauliza yule bibi.

"Za marehemu mke wangu."

Alizikunjua moja moja, akanitanda mabegani juu ya kanzu. "Nguo ya mwilini haipimwi," akasema.

Nikapanda ndege hivyo, mwanamume mzima aliyejitanda leso. Kwenye uwanja wa kungojea nilikaa nazo mchana wote. Zilikuwa bado na harufu ya udi. Nadhani hakuna siku niliyomkosa kama siku ile, katikati ya watu wote wale.

Shemeji aliponiona mlangoni alicheka kwanza, kisha akalia. Tulizikunja pamoja. Ile doti aliyoipenda mno marehemu, shemeji aliikata kati kwa mkasi: kipande akashika yeye, kipande akanipa mimi. Alinitaka nikae mwezi mzima, lakini tarehe ya tikiti ya rahisi haibadiliki.

Nilirudi na sanduku jepesi. Pale kwenye kona ya mtaa wetu, muuza kahawa aliinua kichwa.

"Umerudi, mzee?"

"Nimerudi."

Akanimiminia. Nikanywa nimesimama, kikombe cha kwanza, kisha cha pili, na alipoanza kukusanya vikombe vyake nikamwomba cha tatu.