Tembe la Mbao Nyepesi

Juzi niliona dukani nyumba ya midoli, ile ya vipande vya mbao vya kuunganisha, nikakumbuka harufu ya udongo mbichi na samadi.

Mama alikuwa akiuza mitumba mjini Singida. Katika robota moja alikuta boksi la nyumba kama hiyo, akaliacha nyumbani Utemini akisema kuna mteja atalifuata jioni. Nilibaki na bibi, mama yake, aliyekuwa amekuja kutoka Ikungi kututembelea.

Tulifungua boksi kutazama tu, tukajikuta tunaunganisha vipande. Bibi alipoona paa limechongoka alicheka.

"Sasa hapa juu mtu ataanika wapi mtama?"

Akaliweka paa pembeni. Tulipanga vijiti juu ya kuta, tukakandika udongo uliochanganywa na samadi, mpaka nyumba ya Wazungu ikawa tembe, nyumba ya kwetu yenye paa bapa. Nilifurahi sana, hadi niliposikia malapa ya mama uani.

"Shikamoo, mama," nilisema, nikijificha nyuma ya bibi.

Mama alichuchumaa akaitazama ile nyumba, machozi yakamtoka. Nilidhani analilia mali yake. Sikujua kwamba bibi alikuwa amejenga nyumba alimozaliwa mama, iliyobomoka kabla sijazaliwa.

"Na mteja wako je?" bibi aliuliza.

"Nitamtafutia kitu kingine." Mama akachukua wembe, akaanza kutoboa ukuta taratibu. "Lakini mama, umesahau. Mlango wa ndama ulikuwa upande huu."