Rimu Zilizookwa Kwenye Tanuri Langu la Mikate

Mume wangu husoma Alhamdu kama mtu anayekimbilia basi. Nilimwambia hivyo mwaka wa kwanza wa ndoa yetu tukacheka wote wawili, na sikujua kwamba siku moja jambo hilo hilo lingekuja kuninyima usingizi.

Mimi ni mwoka mikate hapa Kilosa. Tanuri langu liko nyuma ya nyumba, la matofali na udongo, la kuni, na halina kipimo cha joto. Kipimo changu ni kile nilichofundishwa na mama yangu. Kuni zikishaungua na makaa kuvutwa pembeni, narusha unga kidogo kwenye sakafu ya tanuri na kuanza kusoma Alhamdu. Unga ukigeuka kahawia ninapofika Amina, naingiza mikate. Ukiwahi kuwa mweusi, nasubiri. Ukibaki mweupe, naongeza kuni. Mama alikuwa akisoma polepole, kila aya na pumzi yake, nami nasoma vivyo hivyo, na mkate wangu unafanana na wake.

Mume wangu naye ana gari lake dogo la mtumba, na nikisema analipenda nadhani nimepunguza. Jumamosi hupakia mikate yangu tukaipeleka Mikumi, ambako malori ya barabara kuu husimama na madereva wanataka chai na kitu cha kutafuna. Gari lile lilikuja na rimu za aloi, zile ambazo vijana huziita spoti rimu. Mawe ya njiani yalikuwa yamezikwaruza na rangi yake inabanduka vipande vipande, na kila alipoziosha alikuwa akisonya.

Ndipo akakutana na fundi mmoja kutoka Morogoro aliyekuja na kompresa na bunduki ya kupulizia rangi ya unga. Ni rangi kavu, laini kama poda ya mtoto. Inanata kwenye rimu kwa nguvu ya umeme, kisha rimu inaokwa mpaka ile poda iyeyuke na kugeuka ngozi moja ngumu. Fundi alikuwa na kila kitu isipokuwa mahali pa kuokea. Akauliza kama hapa mjini kuna tanuri kubwa. Mume wangu akasema lipo, tena kwa fahari.

Mimi nilikuwa Chanzuru msibani. Niliporudi nikakuta rimu nne nyeusi zinang'aa uani, nzuri kwa kweli, na harufu kali ya plastiki ikitoka kwenye mdomo wa tanuri langu. Nilikasirika kweli kweli. Watu wanakula vitu vinavyotoka mle ndani.

Alinieleza kwa utulivu, kama mtu aliyefanya kazi nzuri. Mfuko wa rangi uliandikwa nyuzi mia mbili za joto, na fundi hakuwa na namna ya kuzipima. Yeye akakumbuka ninavyopima. Akarusha unga, akasoma Alhamdu, unga ukabaki mweupe. Akaongeza kuni. Akarusha tena, akasoma, bado mweupe, akaongeza tena. Mwishowe unga ukageuka kahawia kabla hajafika Amina, wakaingiza rimu.

Nilibomoa sakafu ya tanuri nikaisiriba upya, nikalichoma moto tupu, na wateja wangu wakala maandazi ya watu wengine kwa siku kadhaa. Nilikuwa katika kusiriba, mikono imejaa udongo, ndipo hesabu iliponijia. Moto wa mkate wenyewe unapita ule ulioandikwa kwenye mfuko. Na yeye anasoma kwa pumzi moja. Unga unaogeuka rangi kwa mwendo wake si unga unaokauka, ni unga unaoungua. Kwenye moto ule mkate wangu ungetoka mkaa nje na mbichi ndani. Haraka haraka haina baraka, hata kwenye Alhamdu.

Nilimwambia. Akanijibu kwamba chuma si mkate.

Jumamosi iliyofuata, alipokwenda kuzungumza na madereva, nilimwendea fundi magurudumu mmoja pale Mikumi, mtu mzima anayefanya kazi kando ya barabara kuu, nikampa mkate na kumuuliza kama rimu kupakwa rangi ya unga ni salama. Hakunicheka. Alisema karakana nyingi hufanya hivyo, zenye oveni za kupimwa joto, na rimu zake zinakaa miaka. Anachoogopa yeye ni mambo matatu. Rangi inaweza kufunika ufa. Ikijaa pale nati zinapokaa, nati hulegea njiani. Na aloi ikizidishiwa moto inalegea ndani bila kubadilika sura, na siku moja hupasuka kwenye shimo.

"Rangi haina kosa, dada," alisema. "Kosa ni moto, na moto huo sikuuona."

Alikuja akainama kwenye gari letu. Kweli, nati zilikuwa zimeanza kulegea. Akazifungua, akakwangua rangi mahali pa nati, akakaza. Nilipomuuliza kama rimu zenyewe zimeharibika akasema hajui, na kwamba kwa jicho hakuna atakayejua. Zingekuwa zake angezitoa. Mume wangu alifika wakati huo, akashukuru kwa nati, na tulipoondoka akasema kila fundi hukosoa kazi ya mwenzake.

Basi tukaendelea kuzipanda. Mkate haungoji. Jumamosi zote za msimu ule nilikaa kiti cha mbele na kikapu mapajani, tukaruka mashimo, na kila shimo nilikaza meno. Watu wa huku tunajua kuogopa. Tembo akisimama barabarani unazima gari na kusubiri apite. Lakini utakisubirije kitu kinachong'aa, kinachozunguka chini yako, ambacho huenda kizima na huenda kimekwisha? Nilimwambia kwamba naogopa. Nilimwambia kwa utani, nikamwambia kwa ukali, na mara moja nilimwambia nikilia. Kila mara alinipiga begani na kusema nina wasiwasi wa wanawake.

Mama yake anaishi Masanze. Magoti yake yalikuwa yamemshinda, ikapangwa tumpeleke hospitali Mikumi. Asubuhi ya siku hiyo nilitoka kuwasha tanuri nikakuta gari liko juu ya jeki. Rimu za aloi zimeegemezwa ukutani, na mume wangu amechuchumaa anafunga rimu za kawaida za chuma, zenye kutu, alizopewa pamoja na gari akazitupa stoo kwa sababu zinamtia aibu.

Nilimuuliza kulikoni. Akasema nati zinamsumbua. Nikamkumbusha kwamba nati alizikaza mwenyewe juzi. Akakaza moja, akakaza ya pili.

"Huyu ni mama," alisema bila kuinua uso. "Siwezi kumpakia mama kwenye kitu nisichokijua."

Nilisimama na kuni zangu mikononi.

"Na mimi je?"

Spana ikatulia. Niliona anatafuta neno, na naamini alilolipata lilitoka moyoni kabisa.

"Wewe ni mimi," alisema. "Mimi na wewe ni kitu kimoja."

Siku nyingine yoyote ningelipokea neno hilo kwa mikono miwili. Siku ile lilinichoma. Kumbe aliogopa. Aliogopa tangu siku nyingi, pengine tangu siku ya fundi wa Mikumi, na hofu yake yote alikuwa amemwekea mama yake. Mimi alinihesabu pamoja na roho yake mwenyewe, na roho yake hajawahi kuihurumia.

Zile rimu hatujaziuza. Tumekubaliana bila kuzungumza kwamba atakayezinunua naye ana watu wa kuwapakia.

Tulimpitia mama mkwe Masanze. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukamweka kiti cha mbele, mimi nikakaa nyuma. Njia nzima alisifu gari lilivyotulia na kumwombea dua mwanawe kwa kumjali. Aliuliza kwa nini mkwewe yuko kimya leo, nikamjibu kwamba nimechoka. Mume wangu alinitazama kwenye kioo mara kadhaa, nami nikageukia dirisha.

Hospitali alimshusha mama yake kwa mikono miwili, hatua kwa hatua, akamkalisha kwenye benchi. Kisha akarudi mbio hadi kwenye gari kunifungulia mlango, jambo ambalo hajawahi kunifanyia tangu anioe. Akakuta nimekwisha kushuka kwa mlango wa upande wa pili.