Halbadiri ya Mama na Daftari Langu

Mama yangu alijua kwamba nafanya kazi Dar es Salaam, katika chama. Chama cha nini, hakuuliza, na mimi sikumwambia. Nyumbani kwetu Gombani, Pemba, nyuma ya uwanja wa mpira, majirani walidhani niko karibu na wakubwa, na mama akawaacha wadhani. Ukweli ni kwamba kilikuwa chama cha makampuni ya kamari yenye leseni. Kumtamkia neno hilo mama, ambaye hata karata za watoto huzitia motoni, sikuwa na ubavu.

Nijitetee kidogo. Sijawahi kucheza wala kumshawishi mtu acheze. Makampuni yale yalijiunga ili yawe na sauti moja mbele ya serikali, na yabanane yenyewe kwa yenyewe: mtoto asichezeshwe, aliyeshinda alipwe, tangazo lisibandikwe karibu na skuli. Mchezaji aliyedhulumiwa na kampuni alileta malalamiko kwetu. Zaidi ya hayo tulikuwa na daftari la kujifungia. Mtu aliyeshindwa na nafsi yake hujaza fomu na kutia saini, na kampuni zote wanachama zinamkatalia kwa mwaka mzima, hata akilia. Mwaka ukiisha, akitaka, anajaza nyingine. Daftari hilo nililishika mimi, na nililipenda.

Lilikuwa na sharti moja tu, kwamba mwombaji awe mwenyewe. Kina mama walinipigia simu wakilia, "Niandikie mwanangu, nakuomba." Nami kwa sauti ya ofisi nikajibu, "Samahani mama, lazima aombe mwenyewe." Nikikata simu nilijichukia, kisha nikanywa chai na kuendelea na kazi.

Siku moja aliyepiga alikuwa mama yangu.

"Mdogo wako kauza mbuzi," alisema.

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi wa kumchinjia mwanawe akika! Kamchezea kamari kwenye simu, kaliwa. Mie n'shasema na maalim. Alkhamisi baada ya laasiri nasomesha halbadiri. Mwanangu simsomei, mwanangu mgonjwa. Nawasomea waliomla. Wote, mpaka anayewashikia kalamu."

Wakati huo nilikuwa nimeshika kalamu. Niliiweka mezani polepole.

Halbadiri ni kisomo cha kumshitaki mdhalimu kwa Mungu, na kwetu Pemba hakifanyiwi mzaha. Ikitangazwa tu kwamba itasomwa, kuku aliyeibiwa hukutwa asubuhi bandani kwake, na hakuna anayeuliza amerudije. Mimi ni mtu wa stashahada, nimekaa mjini, nimevaa miwani. Lakini nilipokumbuka kwamba mama mzazi ananisomea bila kujua, niliivua ile miwani. Niliomba ruhusa, nikatia fomu moja mkobani, na Jumatano mchana nikawa Gombani.

Mdogo wangu nilimkuta uani akiosha ndoo zake. Yeye hununua pweza kwa wavuvi wa Makoongwe na kuwauza sokoni Chake. Ni mtu mzima mwenye mke na binti wa kwanza, lakini aliponiona na fomu alininunia kama zamani nilipomnyang'anya kishada.

"Sitii saini," alisema. "Jumamosi mbuzi anarudi, dada. Mechi hizi nimezisoma vizuri."

Jumamosi hiyo ninaifahamu. Wote waliomo daftarini mwangu walikuwa nayo. Nilikuwa na maneno mengi ya ofisini ya kumwambia, yote mazuri, na hakuna lililonijia. Nikasema tu, "Kisomo cha kesho ninasomewa mimi."

Akacheka. "Weye una nini?"

"Chama changu ndicho cha hao waliokula mbuzi. Mshika kalamu ndiye mimi."

Alinitazama usoni akitafuta utani, hakuuona. Akaikalia ndoo.

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Mwambie basi asisome."

"Nikimwambia asisome na wewe unaendelea kucheza, namtetea nani?"

Uwanjani watu walishangilia goli na hakugeuza hata shingo, ndipo nikajua ameumia. Akajifuta mikono kwenye suruali, akaniomba kalamu.

Katika fomu kuna mstari usemao: Sababu ya kuomba. Wengi huandika hasara, au ndoa, au hawaandiki kitu. Mdogo wangu aliinama pale, akaandika taratibu, herufi moja moja: Dada yangu asisomewe. Ilinipasa kumwambia kwamba hiyo si sababu ya kiofisi. Sikumwambia. Karatasi ililowa kidogo pembeni na kunuka pweza, na nikaikunja nikiwa nampenda kuliko siku zote.

Kesho yake mikeka ilitandikwa barazani, ubani ukafukizwa, maalim akaja na wanafunzi wake. Mama alikuwa jikoni anapalilia sufuria la wali kwa makaa. Nikaona nikingoja zaidi nitakimbia. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni: chama, makampuni, daftari, fomu ya mdogo wangu. Aliendelea kupanga makaa juu ya mfuniko kama hanisikii.

"Tangu lini?" aliuliza mwishowe.

"Miaka minne, mama."

"Na sukari unayoniletea?"

Akaweka koleo chini, akanawa, akajitanda khanga, akapita mbele yangu bila kunigusa. Alisimama nyuma ya pazia la mlango wa barazani. Nilimsikia vizuri.

"Maalim, nia yangu nimeibadilisha."

"Kheri, bibie. Tumsomee nani?"

"Usimsomee mtu. Niombee dua watoto wangu. Wote wawili."

Waliomba, wakaitikia amin, wakala wali wakaondoka. Mdogo wangu aliwanawisha mikono, kichwa chini. Nilikuwa uani nasugua sufuria, na machozi yamechanganyika na majivu usoni, mama alipokuja kukaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi karibu yangu.

"Kazi hiyo uiache," alisema.

"Nitaiacha, mama. Hata kesho."

"Si kesho!" Alinikaripia kweli kweli. "Mwaka wa huyu ukimalizika, nani atamwandika tena? Mtu asiyemjua atamhimiza?"

Akanipangusa majivu shavuni kwa pembe ya khanga, kwa nguvu, kama anavyofuta meza.

"Kaa hapo hapo mpaka apone. Lakini sukari yako siili, na khanga yako sivai. Siku utakayotoka huko, lete, ntapokea."

Mama ni mtu wa neno lake. Mwaka ule mzima nilikwenda nyumbani mikono mitupu. Akika ilifanywa kwa mbuzi aliyenunuliwa kwa fedha za pweza, nami nilialikwa kula, sikualikwa kuchangia. Nilisema ofisini kwamba karibu nitaacha. Nilishaichagua hata khanga nitakayompelekea mama.

Kisha mwaka ukaisha, na bahasha ikafika mezani kwangu kutoka Chake. Hakuna aliyemhimiza mdogo wangu. Hakuna kisomo kilichotangazwa, na maalim hakuitwa tena nyumbani kwetu kwa jambo hilo. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa sababu. Mwandiko ulikuwa ule ule, herufi moja moja: Dada yangu asisomewe.

Nililia mbele ya wafanyakazi wenzangu, bila haya. Halafu nikaifungua droo, nikatoa muhuri, nikamwandika ndugu yangu kwa mwaka mwingine ambao mama hatapokea kitu mkononi mwangu.