Glasi Sita za Kijani Kutoka Muleba

Naona aibu mpaka leo, lakini jambo hili afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa wifi yangu Justa, maana yeye huongeza chumvi. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, nina mwaka wa tatu tangu niolewe kijijini Kitendaguro, na Justa, dada wa mume wangu, alikuwa na glasi sita za rangi ya waridi alizoachiwa na mama mmoja wa Kimarekani aliyerudi kwao. Kila Jumapili baada ya ibada watu walipita kwake kuzitazama kabatini, na mama mkwe, ambaye kwangu hakuwahi kukaa zaidi ya kikombe kimoja cha chai, kule alikaa mpaka jua linazama. Wivu ulinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Basi nikasikia kuna mpishi wa Wazungu kule Muleba ana glasi za Marekani, anazibadilisha kwa vitu, nikabeba mikeka yangu miwili niliyoisuka nikiwa msichana, nikapanda lori la kahawa, nikarudi na glasi sita za kijani (mume wangu alipoulizia mikeka nikamwambia imeliwa na mchwa). Ningeziweka tu kabatini nikanyamaza, yangeishia hapo. Lakini nilitaka Justa ashindwe mbele za watu, kwa hiyo siku ya ubatizo wa mwanangu nikamwalika mwalimu mmoja Mmarekani wa misheni, nikamwomba Justa alete zake eti zangu hazitatosha, nikazipanga zote mezani na kumwomba mwalimu atuambie zipi zina thamani.

Mwalimu hakutaka, nikamng'ang'ania. Akainua ya Justa kwenye mwanga, akapitisha kidole ukingoni, akasema maua yale yamechongwa kwa mkono, na kwao ni wenye nafasi tu waliokuwa nazo. Akashika yangu, akanionyesha ubavuni mshono wa kalibu, kile chombo wanachomiminia kioo, na kiputo cha hewa chini yake.

“Hizi nimekua nazo, Mama,” akasema taratibu. “Zilikuwa zinawekwa ndani ya maboksi ya unga wa uji wa shayiri. Ukinunua uji, unapata glasi bure.”

Watu wakainama (mabega yao niliyaona yakitikisika). Hata hapo ningeweza kunyamaza. Nikasema kwa sauti kwamba glasi si maua, glasi ni uimara, nikachukua birika lililotoka motoni likichemka, nikamimina chai kwenye glasi yangu ya kijani iliyokuwa mbele ya mama mkwe. Ikalia ta, ikapasuka, chai yote ikammwagikia mapajani.

Justa ndiye aliyemvuta na kummwagia maji ya baridi kabla mimi sijaweka birika chini. Namshukuru Mungu hakuungua sana. Mama mkwe alipotulia akanitazama bila hasira.

“Mwanangu,” akasema, “mimi nilikuja kunywa chai tu.”

Justa akaipoza chai iliyobaki, akaimimina kwenye glasi zake, akawapa wageni wangu ndani ya nyumba yangu, nami nikamchukia kwa wema ule kuliko ambavyo ningemchukia kwa matusi.

Nimeapa sitaita tena mtu apime kitu changu mbele ya cha mwenzangu. Wivu ninao bado, siwadanganyi, ila wageni wakija naufungia chumbani.